Sarafu Zinazoungua: Maswali Yenu Kuhusu Kodi na Mfumuko wa Bei Katika Michezo ya Mtandaoni

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona sarafu nilizochuma kwa jasho mchezoni hazinunui tena kile zilichonunua miezi mitatu iliyopita, na kodi ya soko inasaidia au inaumiza? Tumechagua nane na kuzifupisha kidogo.

Nauza dawa za kuponya kwenye nyumba ya mnada. Nikiuza kwa 1,000 napokea 950. Hizo 50 anachukua nani?

Hachukui mtu. Zinafutwa. Dawa inaponunuliwa, mfumo unamkata mnunuzi 1,000, unakuwekea wewe 950, na 50 zilizobaki haziandikwi kwenye akaunti yoyote. Hapa ndipo kodi ya mchezoni inapoachana na kodi ya serikali. Serikali hukusanya ili ipate cha kutumia. Mchezo hauna shida ya mapato, kwani programu inaweza kuzalisha sarafu kiasi chochote itakacho. Unatoza ili sarafu zilizomo mikononi mwa watu zipungue.

Fikiria pipa lenye bomba juu na shimo chini. Bomba ni kila mahali sarafu mpya zinapozaliwa: zimwi likiuawa na kuangusha dhahabu, kazi ikikamilika na kulipwa, takataka zikiuzwa kwa mwenye duka ambaye ni mhusika wa mfumo na si mtu. Shimo ni kila mahali sarafu zinapopotelea moja kwa moja: fundi wa mfumo anayetengeneza silaha zako, nauli, ada ya kujifunza ujuzi, kodi ya mnada. Ukimuuzia mchezaji mwenzako upanga mkono kwa mkono, hujafungua bomba wala shimo. Sarafu zimehama mfuko tu.

Viwango vinatofautiana sana. World of Warcraft hukata asilimia 5 mnadani. Guild Wars 2 hukata 15: asilimia 5 unapotangaza bidhaa na 10 inapouzwa. Old School RuneScape ilikaa miaka bila kodi ya soko, ikaanza na asilimia 1 Desemba 2021, kisha ikapanda hadi 2 mwaka 2025. Ili kuona uzito wa tofauti hizo, chukua sarafu 1,000,000 na uzizungushe sokoni zote, tena na tena. Kwa kodi ya asilimia 1, nusu yake itakuwa imeungua baada ya mizunguko 69. Kwa asilimia 2, mizunguko 35. Kwa asilimia 5, mizunguko 14. Kwa asilimia 15, mitano tu inatosha kula zaidi ya nusu.

Ila angalieni jina. Si kila kinachoitwa kodi kinaungua. Katika EVE Online, asilimia ambayo shirika la wachezaji hukata kwenye mapato ya wanachama wake huingia mfuko wa shirika. Katika New World, kampuni ya wachezaji inayotawala eneo hupanga kodi za mji na kuvuna hazina yake humo. Hizo ni sarafu zilizohamishwa, na kesho zitarudi sokoni kununua bidhaa. Old School RuneScape nayo ina njia ya tatu: sehemu ya kodi hutumika kununua vifaa sokoni na kuvifuta. Sehemu hiyo ya sarafu inarudi kwa wachezaji waliouza, lakini vifaa vinapungua duniani, jambo linalozuia vifaa adimu kushuka hadhi kila mwezi.

Mchezo wetu una kodi ya asilimia 5 tangu siku ya kwanza, na bado bei zimepanda mara tatu. Kodi imeshindwa?

Haijashindwa. Imepewa kazi kubwa kuliko nguvu zake. Tufanye hesabu, maana hapa maneno matupu hayatoshi.

Tuseme seva, yaani dunia moja ya mchezo, ina wachezaji 10,000 wanaoingia kila siku, na kila mmoja huchuma sarafu mpya 2,000 kutoka kwa mazimwi na kazi. Bomba linatoa milioni 20 kwa siku. Matengenezo ya silaha humgharimu kila mmoja 400, jumla milioni 4. Nauli ni 100, jumla milioni 1. Soko linazungusha milioni 60 kwa siku, na asilimia 5 yake ni milioni 3. Zilizoungua ni milioni 8. Kila kukicha, milioni 12 mpya zinabaki mikononi mwa watu. Ikiwa jumla ya sarafu zote duniani humo ilikuwa milioni 600, siku 50 zinatosha kuifanya iwe mara mbili, wakati wingi wa mbao, madini na dawa uko palepale. Bei zitakwenda wapi kama si juu?

Sasa liko jambo ambalo wachezaji wengi hawalioni. Matengenezo na nauli ni ada zisizobadilika: 400 itabaki 400 hata mkate ukiuzwa mara kumi ya bei ya jana. Kodi ya asilimia haiko hivyo. Bei zikipanda mara mbili, mauzo yanakuwa milioni 120 na kodi inaunguza milioni 6. Shimo linapanuka lenyewe. Katika mfano wetu, pengo linalotakiwa kuzibwa ni milioni 15 (20 za bomba, toa 5 za ada). Kodi ya asilimia 5 itaunguza milioni 15 soko likifika mauzo ya milioni 300 kwa siku. Yaani, wingi wa biashara ukibaki uleule, bei zitapanda mara tano kisha zitatulia zenyewe. Kwa kodi ya asilimia 10, zingetulia kwenye mara mbili na nusu.

Kwa hiyo kodi ndogo haizuii mfumuko wa bei. Inaamua utasimama kwenye ngazi gani. Bei zenu kupanda mara tatu ni safari ambayo bado haijafika mwisho, na mwisho wake unaweza kukadiriwa kwa hesabu hiyohiyo.

Mambo mawili huivuruga hesabu. La kwanza ni roboti, zile programu zinazocheza saa 24 bila mtu. Mia mbili tu zinazochuma 30,000 kila moja kwa siku huongeza milioni 6, sawa na wachezaji halisi 3,000. Zikiingia kwenye mfano wetu, bei hazitulii kwenye mara tano tena bali mara saba. La pili ni matajiri wanaolala na sarafu zao. Aliyehifadhi milioni 50 bila kununua chochote halipi kodi hata senti, wala hapandishi bei. Siku atakapoamka, bei zitapanda ghafla ingawa hakuna sarafu mpya iliyozaliwa.

Na bei hazipandi zote kwa pamoja. Vitu vya wenye maduka wa mfumo vina bei ya kudumu, kwa hiyo kiukweli vinazidi kuwa rahisi. Vitu adimu ndivyo vinavyoruka.

Mfumuko wa bei unamuumiza nani zaidi, mgeni au mkongwe?

Inategemea mgeni anachuma nini. Mgeni anayetegemea dhahabu inayoanguka kwa mazimwi ya ngazi za chini anaumia vibaya, kwa sababu zimwi la ngazi ya 5 linaangusha sarafu 3 leo kama lilivyoangusha siku mchezo ulipozinduliwa, huku upanga wa kuanzia sokoni ukiwa umepanda mara nane. Lakini mgeni anayekata mbao, kuvua samaki au kuchuma mitishamba anapandishwa na wimbi lilelile, kwa kuwa wakongwe hawana muda wa kuinama kuchuma mitishamba na wako tayari kulipa bei ya leo. Ushauri wetu kwa anayeanza kwenye seva yenye umri: achume mali, asichume sarafu. Uza malighafi kwa wachezaji, na ada za mfumo zilipe kwa fedha hizo.

Mashimo nayo hayawabani watu sawasawa. Ada ya matengenezo inamkata maskini na tajiri kiasi kilekile, na tajiri haisikii. Ndiyo maana watengenezaji huchimba mashimo ya fahari, yanayowalenga wenye mali. World of Warcraft ilipozinduliwa mwaka 2004, mnyama wa kupanda mwenye kasi aligharimu takriban dhahabu 1,000, na wachezaji walidunduliza kwa wiki nyingi. Mwaka 2007 ujuzi wa kuruka kwa kasi uligharimu 5,000. Mwaka 2018 likaletwa dude la kupanda lenye mwendesha mnada mgongoni, kwa dhahabu 5,000,000. Tazama mfululizo wa tarakimu hizo na utasoma historia ya mabomba ya mchezo huo bila kuhitaji takwimu nyingine.

Ubaya wa shimo la fahari ni kwamba linameza mara moja. Ukishanunua, umenunua. Mwezi wa kwanza linakunywa sarafu nyingi ajabu, mwezi wa sita limekauka, na bomba bado linatiririka. Shimo la kudumu, hata likiwa dogo, hufanya kazi kubwa zaidi kwa mwaka mzima.

Kuna pia vitu vinavyoonekana kuwa mashimo kumbe ni mabomba. Bima ya vyombo vya anga katika EVE Online ni mfano mzuri. Chombo kikilipuliwa vitani, bidhaa imepotea, na hilo ni shimo la mali. Lakini mwenye bima analipwa sarafu na mfumo, na sarafu hizo ni mpya kabisa. Vita kubwa, basi, huunguza vyombo na wakati huohuo huzalisha fedha: mali imepungua, sarafu zimeongezeka, na vyote viwili vinasukuma bei upande mmoja.

Nafanya uchuuzi: nanunua kwa bei ya chini na kuuza juu. Kodi yetu ni asilimia 15. Nanunua kwa 10,000 na kuuza kwa 11,500, lakini mfuko unapungua. Nakosea wapi?

Unaongeza asilimia 15 juu ya bei ya kununulia, wakati kodi inakatwa kwenye bei ya kuuzia. Asilimia 15 ya 11,500 ni 1,725. Unabaki na 9,775, hasara ya 225 kwa kila kipande.

Kanuni sahihi ni kugawanya. Gawa bei ya kununulia kwa kile kinachobaki baada ya kodi. Kwa kodi ya 15, kinachobaki ni 0.85, na 10,000 gawanya kwa 0.85 ni 11,765. Hapo ndipo unarudisha mtaji tu. Faida huanza juu yake.

Kisha tenganisha ada ya kutangaza na kodi ya kuuza, kwa sababu zinauma kwa namna tofauti. Katika Guild Wars 2, ile asilimia 5 ya kutangaza hairudi ukiondoa tangazo. Ukitangaza kwa 12,000 umeshalipa 600. Ukiona mwenzako ameshusha bei kwa sarafu moja, ukaondoa na kutangaza upya, unalipa karibu 600 nyingine. Mara mbili hivyo na biashara nzima imekufa. Katika World of Warcraft ni amana: bidhaa ikiuzwa unarudishiwa, muda ukiisha bila mnunuzi imepotea. Mchuuzi wa mchezo wenye ada ya kutangaza lazima awe mvumilivu. Atangaze bei anayoweza kukaa nayo siku mbili, asikimbizane na wenzake kila dakika.

Angalia pia mipaka ya kodi. Old School RuneScape huishusha kodi hadi namba kamili ya chini, kwa hiyo kitu cha sarafu 49 kwa asilimia 2 hakilipi chochote. Upande wa juu, kodi haizidi milioni 5 kwa kipande, maana yake kinachouzwa kwa bilioni 1 kinalipa nusu ya asilimia moja tu. Hatuupendi mpaka huo wa juu: unampunguzia mzigo yule hasa mwenye sarafu zinazotakiwa kuungua. Lakini sababu yake inaeleweka, na inatupeleka kwenye barua inayofuata.

Viongozi wa chama chetu wanasema tuuziane mkono kwa mkono ili kukwepa kodi. Ni vibaya?

Kwa mauzo madogo haina maana, kwa makubwa ina hatari. Kitu cha 2,000 kwenye kodi ya asilimia 5 kinakuokolea 100, na utatumia dakika ishirini kumtafuta mnunuzi kwenye gumzo. Dakika hizo zingekuchumia zaidi. Kitu cha milioni 400 kinakuokolea milioni 20, na hapo watu hukubali kusafiri, kungoja na kujadiliana. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka mpaka wa juu: kodi ya asilimia bila kikomo huwafukuza wauzaji wa vitu ghali kutoka sokoni kwenda vichochoroni, ambako hakuna kinachoungua na matapeli wamejaa.

Mkiamua kufanya hivyo, tumieni dirisha rasmi la kubadilishana na si kudondosha kitu chini. Soma kiasi tarakimu kwa tarakimu, maana 4,000,000 na 40,000,000 hufanana kwa jicho la haraka. Mwenzako akighairi na kufungua dirisha upya, anza kuhakiki upya kabisa; utapeli mwingi hufanyika kwenye dirisha la pili. Na usikubali nusu sasa, nusu baadaye.

Kwa seva nzima, biashara ya vichochoroni ina gharama nyingine. Soko rasmi ndilo linalotoa bei inayoonekana na wote. Biashara kubwa zikihamia pembeni, bei za sokoni zinabaki za vitu vichache, na walanguzi wanaojua bei halisi huwanyonya wasiojua.

Seva yetu ni mpya na kila mtu hana sarafu. Bei zinashuka kila siku. Si jambo jema hilo?

Si jema, na linaua seva upesi kuliko bei kupanda. Mtu akijua kwamba kesho kitu kitakuwa rahisi zaidi, hanunui leo. Muuzaji asiyeuza hana sarafu, kwa hiyo naye hanunui. Soko linanyamaza.

Mfano unaojulikana zaidi ni New World, iliyozinduliwa Septemba 2021. Mabomba yake makubwa yalikuwa kazi za mara moja za kupandia ngazi. Mchezaji alipofika ngazi ya juu, kazi hizo zilikwisha, lakini mashimo hayakwisha: kodi ya nyumba, ada za karakana, matengenezo. Sarafu zikawa adimu kiasi kwamba baadhi ya wachezaji walirudia kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Kodi ikageuka kuwa mzigo juu ya mgonjwa. Somo la kiufundi humo ni wazi: mashimo ya kudumu yanahitaji bomba la kudumu. Huwezi kutoza kila wiki kutokana na kipato kinachopatikana mara moja katika maisha ya mhusika.

Ultima Online, mwaka 1997, ilijikwaa kwa njia nyingine. Waliobuni walitaka mzunguko uliofungwa, ambamo kiasi cha mali ni kilekile na kinachotumika hurudi kwenye ardhi ili kizaliwe tena. Wachezaji wakahodhi. Mali ikajaa masandukuni, na ardhi haikuwa na cha kutoa. Wakaachana na mpango huo wakarudi kwenye mabomba na mashimo.

Kwenye seva yenu, tazameni kama ada fulani inalipwa hata na asiye na kipato. Kama ipo, ndiyo ya kuwaandikia watengenezaji kwanza.

Nikinunua tokeni kwa pesa halisi kisha nikaiuza kwa dhahabu ya mchezoni, naongeza mfumuko wa bei?

Huzalishi sarafu mpya. Tokeni ya World of Warcraft, iliyoanza Aprili 2015, na PLEX ya EVE Online hufanya kazi hivi: mchezaji mwingine anakulipa dhahabu aliyokwisha kuichuma, anapata muda wa kucheza, na wewe unapata dhahabu yake. Dhahabu imehama. Athari iliyopo ni ya kasi: mara nyingi inatoka kwa aliyekuwa ameilaza na kwenda kwa anayetaka kuitumia leo, na sarafu zinazotembea ndizo zinazosukuma bei.

Kununua kwa wauza dhahabu wa magendo ni jambo lingine kabisa. Dhahabu yao hutoka kwa roboti na akaunti zilizoibwa, na kila ununuzi unalipia roboti za kesho. Hesabu ya roboti 200 hapo juu inawahusu wao.

Usitumie bei ya tokeni peke yake kama kipimo cha mfumuko, kwani hupanda pia wakati watu wengi wanapotaka kulipia muda wa kucheza kwa dhahabu. Pima kwa kapu. Chagua bidhaa chache ambazo mchezaji wa kawaida hutumia kila wiki, acha zile zenye bei ya mfumo na zile zilizobadilishwa na sasisho jipya. Andika kiasi cha matumizi ya wiki, kisha bei iliyouziwa kweli, si iliyotangazwa tu. Rekodi siku ileile na saa ileile kila wiki, kwa sababu bei za mwisho wa wiki hutofautiana na za katikati. Mfano: dawa 40 kwa 50, mbao 200 kwa 6, mawe ya kunoa 10 kwa 80. Kapu ni 4,000. Mwezi unaofuata dawa ni 58, mbao 7.5, mawe 70. Kapu ni 4,520, na mfumuko ni asilimia 13, ingawa mawe yameshuka. Kiasi cha matumizi kisibadilishwe katikati, la sivyo utakuwa unapima mazoea yako.

Ninatengeneza mchezo mdogo wa wachezaji wengi. Nianze na kodi ya kiasi gani, na nijilinde vipi?

Usianze na kodi. Anza na daftari. Kila sarafu inayozaliwa iandikwe na chanzo chake, kila inayoungua iandikwe na shimo lake, na kila inayohama iandikwe pande zote mbili. Kila saa programu ihakikishe kwamba jumla ya salio zote, pamoja na barua, masanduku, hazina za vyama na fedha zilizoshikwa na mnada, ni sawa na zilizozaliwa toa zilizoungua. Tofauti ya sarafu moja ni kengele. Hitilafu ya kunakili sarafu ikigunduliwa ndani ya saa moja, unafunga akaunti tatu. Ikigunduliwa baada ya wiki, sarafu zimeshapita mikono elfu na huwezi kuzirudisha bila kuwaumiza wasio na hatia.

Mei 2013, sasisho la Diablo III liliongeza kiasi cha dhahabu kinachoweza kuuzwa kwa fungu moja kwenye mnada wa pesa halisi, kutoka milioni 1 hadi milioni 10. Waliotangaza mafungu makubwa kisha wakaghairi walirudishiwa dhahabu zaidi ya waliyoweka. Ni aina ya kosa linalotokea namba inapozidi nafasi iliyotengewa kwenye kompyuta: nafasi ya biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) yenye alama ya hasi na chanya haivuki 2,147,483,647. Minada ilifungwa kwa muda, mchezo haukurudishwa nyuma, na mnada wenyewe ukazimwa Machi 2014. New World nayo, Novemba 2021, ililazimika kusimamisha njia zote za kuhamisha mali kati ya wachezaji kwa sababu ya dhahabu iliyonakiliwa. Kwa hiyo tumia namba za biti 64 tangu mwanzo, fanya utozaji na ulipaji viwe tendo moja lisilogawanyika, na weka swichi ya kuzima biashara yote kwa mkupuo mmoja. Ijaribu swichi hiyo kabla ya uzinduzi.

Ndipo uje kwenye kiwango. Asilimia 5 ni mwanzo salama: inaunguza, na haimfukuzi muuzaji mdogo. Gawa mapema kati ya amana ndogo ya kutangaza, inayozuia soko kujazwa matangazo ya uongo, na kodi ya kuuza. Weka msamaha kwa vitu vya bei ya chini sana ili mgeni asitozwe mkate. Baada ya wiki nne linganisha mabomba na mashimo kwa kila ngazi ya wachezaji, si kwa seva nzima, kwa sababu wastani wa seva huficha kwamba ngazi ya juu inafurika huku ngazi ya chini ikikauka. Pengo likiwa kubwa, punguza bomba kwanza. Kodi ongeza kwa asilimia moja moja, utangaze wiki mbili kabla, na utegemee kwamba katika siku za mwisho kabla ya kupanda watu watauza kwa wingi na bei zitashuka kwa muda. Usizisome bei za wiki hiyo kama matokeo. Subiri hadi shehena hiyo imalizike sokoni.